Utamu Bandia Majini na Makapi ya Miwa Tunayoyatupa

Katika nchi inayolima miwa kuanzia Awendo hadi Ndhiwa, ni ajabu kidogo kumwona mtu akiagiza chai isiyo na sukari, kisha akachomoa mfukoni kijipakiti cha karatasi na kukikung'utia kikombeni. Lakini ndivyo mambo yalivyo siku hizi. Daktari amemwambia kwamba damu yake ina sukari nyingi kupita kiasi, naye ametii. Duka lililo karibu naye linauza soda isiyo na sukari hata chembe, na mwanawe atokapo shuleni hununua unga wa rangi wa kukorogea majini, ambao utamu wake haukutoka katika muwa wowote wa Migori wala wa Homa Bay. Mimi sina ugomvi na mgonjwa wa kisukari. Ninachotaka tukizungumze leo, msomaji mpenzi, ni safari ya utamu huo baada ya kikombe kuwa kitupu.

Vitu hivi si vya jana. Sakarini, ambayo ndiyo kongwe kuliko vyote, iligunduliwa mwaka 1879 huko Marekani katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na wagunduzi wake walikuwa wakifanya utafiti juu ya lami ya makaa ya mawe. Ikafuata siklamati mwaka 1937, aspatami mwaka 1965, asesulfami mwaka 1967 na sukralosi mwaka 1976. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo na kisa cha kufikirisha, maana ni sukari halisi iliyonyang'anywa sehemu zake tatu, na mahali pake pakatiwa chembe tatu za klorini. Matokeo yake ni kitu kilicho kitamu kuliko sukari kwa takriban mara 600, ambacho tumbo la binadamu halikijui. Sehemu kubwa ya sukralosi hupita mwilini kama mgeni asiyevua viatu, na kutoka vile vile ilivyoingia.

Na hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwani ikiwa tumbo halikuweza kuivunja, bakteria wa chooni nao hawaiwezi kwa urahisi. Sakarini na siklamati huliwa na vijidudu vya maji taka kwa kiasi kikubwa. Sukralosi na asesulfami hupenya. Mwaka 2009 watafiti wa Uswisi walitangaza kwamba asesulfami walikuwa wameikuta katika maji taka, katika maziwa, katika maji ya chini ya ardhi na hata katika maji ya mfereji. Mwaka 2013 wenzao wa Kanada walipima Mto Grand ulioko Ontario, na humo wakakuta aina nne za utamu bandia. Hizo ni nchi zilizo na mitambo ya kusafisha maji taka ambayo sisi huiona katika picha tu. Iwapo mitambo yao imeshindwa, seuze shimo la choo lililochimbwa katika udongo wa mchanga huko Suna?

Ni haki niseme mapema jambo moja, ili nisije nikadhaniwa kuwa natia watu hofu ya bure. Kiasi kinachopatikana katika mito ya nchi hizo ni mikrogramu chache katika lita moja ya maji, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ulimi hauwezi kuonja kiasi hicho, na mtu angelazimika kunywa mapipa kwa mapipa kwa siku moja kabla ya kukifikia kipimo ambacho wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa wamekiona kuwa ni salama, yaani miligramu 15 za sukralosi kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango chochote cha utamu bandia katika mwongozo wake wa maji ya kunywa. Lilichofanya mwezi Mei mwaka 2023 ni kuwashauri watu wasivitegemee vitu hivi kwa ajili ya kupunguza uzito, na hilo ni suala la kikombe, si la kisima.

Basi kwa nini nipoteze wino? Kwa sababu utamu huu ni shahidi. Hakuna mti unaouzaa, hakuna jiwe linaloutoa, hakuna ng'ombe anayeukojoa. Ukiupata katika maji ya kisima, umethibitisha kwamba maji hayo yalipitia mwilini mwa mtu kabla ya kufika katika ndoo yako. Wataalamu wa nchi za ng'ambo wameacha kuuona kama uchafu tu na sasa wanautumia kama alama ya kufuatilia maji taka yanakokwenda. Shahidi wa namna hiyo tunamhitaji sana upande huu, ambako choo na kisima vimekuwa majirani wa ukuta kwa ukuta.

Nilipata kuzuru kitongoji kimoja kilichoko nje kidogo ya mji wa Migori, nikapima kwa miguu yangu umbali wa choo na kisima katika boma moja. Zilikuwa hatua 11. Mwenye boma, mama wa makamo aliyekuwa akiteka maji, alinitazama nikihesabu, akacheka.

“Jaduong', unatafuta kilichopotea?”

“La, mama. Natafuta kujua kama maji haya mnayachemsha.”

“Ya mtoto twayachemsha. Sisi wakubwa twayanywa yalivyo. Kuni ni ghali.”

Nikamweleza habari ya utamu bandia unaoweza kupita ardhini kutoka choo hadi kisima. Alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama si afadhali hivyo, maana bei ya sukari imepanda. Nilicheka pamoja naye, lakini njiani nilikuwa nikiwaza kwamba mama huyo anapochemsha maji ya mtoto anaua vijidudu tu. Sukralosi haiondoki kwa kuchemsha maji, wala hayaondoki mabaki mengi ya dawa ambayo husafiri katika njia ile ile.

Nimetaja dawa, na hapa sina budi kusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu bonde la Mto Nairobi, na mwingine wa mwaka 2016 uliohusisha Nairobi na Kisumu, ulikuta majini mabaki ya dawa nyingi, zikiwamo zile za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Sasa fikiria kaunti zetu hizi mbili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay watu wazima 19.6 katika kila 100 walikuwa wakiishi na virusi hivyo, na katika Migori 13. Dawa hizo zimeokoa maisha, na aheri mto wenye mabaki ya dawa kuliko kijiji cha makaburi mapya. Hata hivyo, dawa inayoingia mtoni kidogo kidogo kila siku si jambo la kupuuzwa, hasa ikiwa ni dawa ambayo virusi au bakteria wanaweza kujifunza kuizoea. Utamu bandia hauna madhara makubwa yanayojulikana kwa kiasi hicho, lakini hutembea na wenzake.

Mto Kuja hutoka katika vilima vya Nyamira na Kisii, ukapita mashambani na kando ya miji, ukaupokea Mto Migori, kisha ukaingia ziwani huko Nyatike. Kila kilichomwagwa huko juu kina nafasi ya kufika huku chini. Homa Bay nayo imeinamia Ghuba la Winam, ambalo ni la kina kifupi na halipati mzunguko mzuri wa maji. Maji hayo huota ukungu wa kijani wa bakteria wanaotoa sumu, na gugumaji limekuwa likija na kuondoka tangu miaka ya tisini. Kipindupindu kilizuru kaunti zote mbili mwaka 2015. Hatuwezi kudai kwamba hatukupewa dalili.

Sasa nigeukie upande wa dawa ya ugonjwa huu, maana wasomaji wangu hunilaumu kwamba mimi ni hodari wa kulalamika tu.

Makaa yamekuwa rafiki wa sukari tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilianza kuchuja maji ya sukari kwa makaa ya mifupa ili yawe meupe. Leo kuna makaa bora zaidi, yanayotengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi, mbao au makapi ya mimea pasipo hewa, kisha kuyapitishia mvuke mkali au kuyaloweka katika kemikali mpaka yawe na vijitundu visivyohesabika. Gramu moja tu ya makaa hayo ikikunjuliwa, uso wake unaweza kupita mita za mraba 1,000, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa vikapu. Uchafu unaopita hunaswa katika vijitundu hivyo.

Watu wa Migori hawahitaji kufundishwa habari za makaa haya. Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, pale Macalder na kwingineko, mchimbaji mdogo hutumia zebaki kuikamata dhahabu yake, na mchanga unaobaki huuzwa kwa wenye matangi ya sayanidi. Humo dhahabu huyeyuka, na kinachoitoa majini si kingine ila makaa yale yale, aghalabu ya vifuu vya nazi. Yaani tumekwisha kupata makaa ya kuikamata dhahabu ya wachache, lakini hatujapata makaa ya kuukamata uchafu katika maji ya wengi. Na kwa kuwa nimelitaja jambo hilo, natoa onyo: makaa yaliyokwisha kutumika katika matangi ya dhahabu yasitiwe kamwe katika chujio la maji ya kunywa, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa. Yamebeba sayanidi na madini mazito.

Lakini makaa ya kunasa yana udhaifu wake. Yakishiba, yameshiba, na hapo uchafu huanza kupenya. Tena asesulfami hupenda mno maji, hivyo hung'ang'ania humo wala haivutwi kwa urahisi katika vijitundu. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 10 sasa, watafiti wa China, Australia na kwingineko wamekuwa wakijaribu njia nyingine: kuyafanya makaa yawe kichocheo badala ya mtego.

Nitajaribu kueleza kwa lugha ya kawaida. Kuna chumvi iitwayo pasulfeti, ambayo imebeba oksijeni nyingi na ina hamu kubwa ya kunyang'anya vitu vingine elektroni, lakini ikiachwa peke yake majini ni mvivu. Makaa yaliyotengenezwa kwa ustadi, hasa yakitiwa nitrojeni kidogo katika umbo lake, huiamsha. Wakati mwingine huivunja vipande vikali ambavyo huishi kwa muda mfupi mno na kuharibu chochote vinachokutana nacho. Wakati mwingine makaa husimama katikati kama dalali, yakichukua elektroni kutoka kwa uchafu na kuzikabidhi kwa pasulfeti, na tofauti na madalali tuwajuao, hayabaki na kitu mkononi. Sukralosi ikishambuliwa hivyo hupoteza klorini yake na kukatika vipande. Vichocheo vingine vya kazi hii hutumia metali kama kobalti, ambayo huweza kuvujia majini na kuwa sumu mpya. Uzuri wa makaa ni kwamba hayana metali hiyo ya kuvuja.

Naam, sifa ni nyingi. Hata hivyo nimewahi kusoma makala za kutosha za kitaalamu kujua kwamba maji ya maabara si maji ya Kuja. Maabarani huchukuliwa maji safi kabisa, yakatiwa utamu kidogo, na baada ya muda mfupi utamu umetoweka. Mtoni kuna tope, majani yaliyooza, chumvi na mbolea, na vyote hivyo hushindana na utamu kuitumia nguvu ya pasulfeti. Uso wa makaa nao huchakaa kwa kuunguzwa na oksijeni ile ile yanayoiamsha, na baada ya kutumika mara kadhaa nguvu yake hushuka. Pasulfeti yenyewe huacha salfeti majini na kuyafanya yawe na uchachu. Juu ya yote, kitu kilichovunjika si lazima kiwe kimekwisha. Vipande vyake vinaweza kuwa na tabia nyingine, na asesulfami inayovunjwa na mwanga imewahi kushukiwa kutoa mabaki mabaya kuliko yenyewe. Kwa hiyo mfanyabiashara akija Homa Bay na mkoba wake, akidai kuwa ana mtambo wa kichocheo cha kaboni unaomaliza kila uchafu, wakuu wa kaunti na wamwulize vipande vinakwenda wapi. Asipokuwa na jibu, na aonyeshwe barabara ya Rodi Kopany.

Hoja yangu ni kwamba tuanze na hatua ya kwanza ambayo iko ndani ya uwezo wetu, yaani makaa yenyewe. Kila tani 100 za miwa zinazosagwa huacha takriban tani 30 za makapi yenye unyevu. Kiwanda cha Sony kule Awendo, kilichoanzishwa miaka ya sabini, na kile cha Ndhiwa huyachoma makapi hayo kupata mvuke, na wenye mitambo ya sukari guru vijijini hufanya vivyo hivyo. Yanayozidi hurundikwa nje, yakaoza na kunuka, au yakashika moto wakati wa kiangazi. Makapi haya ni miongoni mwa vitu vilivyochunguzwa sana ulimwenguni kama malighafi ya makaa ya kusafishia maji, na kama msingi wa vichocheo nilivyovieleza. Gugumaji nalo limejaribiwa. Tunavyo vyote viwili bila kununua.

Tufanye hesabu ndogo. Makaa ya unga hutiwa katika maji ya mtambo kwa kiasi cha gramu 20 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kwa kipimo hicho tani moja ya makaa hutosha kusafisha mita za ujazo 50,000, ambazo ni mitungi 2,500,000 ya lita 20. Tani moja ya makapi makavu hutoa kama robo tani ya makaa, na yakipitishiwa mvuke hupungua tena. Tuseme basi zitahitajika tani 10 za makapi makavu kwa tani moja ya makaa mazuri. Kwa kiwanda kinachosaga maelfu ya tani za miwa kwa siku, hicho ni kidogo kama kibaba sokoni. Makaa hayo hayatamaliza asesulfami yote, lakini yatapunguza sukralosi, mabaki mengi ya dawa, sumu ya ule ukungu wa kijani wa Winam, na harufu mbaya inayowafanya watu wakimbie maji ya mfereji na kurudi kisimani. Klorini bado itahitajika kuua vijidudu vya kipindupindu, nayo itiwe baada ya makaa, kwa kuwa makaa huimeza.

Ni nani wa kufanya kazi hiyo? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na imeziachia kaunti huduma za maji na usafi. Tuna Chuo Kikuu cha Rongo upande mmoja na Chuo Kikuu cha Tom Mboya upande wa pili. Sioni sababu ya wanafunzi wa kemia wa vyuo hivyo kuandika tasnifu juu ya mito ya watu ilhali Kuja unapita karibu nao. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji, Sony ikiwa mojawapo, kwa muda wa miaka 30. Katika mazungumzo yote yaliyofanywa juu ya madeni, mishahara na bei ya miwa, ambayo ni mambo mazito na yanastahili kupiganiwa, sikusikia mtu akiuliza habari za makapi. Wakulima wameyaleta kiwandani wakilipwa kwa uzito wa muwa mzima, kisha hawayaoni tena.

Kabla ya mtambo wowote, lakini, kiwe kipimo. Mashine za kupima kiasi kidogo hivyo cha utamu ni ghali na si za kununuliwa na kila kaunti, bali sampuli zinaweza kupelekwa Nairobi au Kisumu katika maabara yenye uwezo. Visima 30 vya mitaa yenye msongamano ya Migori na Homa Bay, vikipimwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, vingetuonyesha ni vipi vinavyonywa maji ya choo. Kisima kitakachokutwa na sukralosi kifungwe au choo kihamishwe, kabla ya kipindupindu kuja kutufanyia kipimo chake mwenyewe.

Kila mwaka kaunti huwaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Watu hujaa ukumbini, husikiliza hotuba, hunywa soda na kwenda zao. Safari ijayo mmoja wetu na asimame, atamke jina la kisima cha mtaa wake, aulize maji yake yalipimwa lini, yalipimwa kitu gani, na karatasi ya majibu iko katika ofisi ipi.